Uzi maalumu: Presha za kazi za kila siku ukiwa misheni nje ya nchi. Tuliopita huko tuwaambie wanaoenda

#1 Lindo_la_Alfajiri (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna vijana wangu wa jeshini wanajiandaa kwenda misheni ya kulinda amani, na kila anayenipigia simu anauliza jambo moja tu: "Bro, kule kunapigwa?" Hakuna anayeuliza habari za lindo, za jenereta, za kuku wa barafu kila siku ya Mungu, wala za simu ya nyumbani. Nafungua uzi huu kwa sababu hayo wasiyoyauliza ndiyo niliyoona yakiwamaliza watu wazima wenye vyeo vyao. Siri za jeshi sizigusi, na msiniulize kambi iko upande gani wa mto. Mods tulieni.

Nilikuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati chini ya MINUSCA, misheni ya Umoja wa Mataifa ya huko, upande wa Berberati, ambako batalioni ya Tanzania ipo tangu 2021. Kabla ya hapo nilipita DRC. Nitasema zaidi ya Afrika ya Kati maana ndiyo ya karibuni.

Siku inaanza kabla ya jua. Watu wote mnaingia kwenye mahandaki na silaha mpaka kupambazuke vizuri, kwa sababu alfajiri na magharibi ndio wakati adui anapenda kujaribu bahati. Kisha usafi, silaha, chai, halafu kazi zinagawanywa: wengine doria, wengine kusindikiza malori, wengine lindo, wengine jikoni, wengine kujaza mifuko ya mchanga. Wiki ya kwanza kila kitu kipya, unapiga picha hata mti. Ikifika mwezi wa tatu unajua ni mbwa yupi atakayebweka gari likikata kona ya kijiji. Hapo ndipo misheni inapoanza.

Lindo baya kuliko yote ni la saa nane usiku. Jenereta linaunguruma nyuma yako, vyura mbele yako, fulana ya kuzuia risasi imekukandamiza mabega, na jasho limeshapoa mgongoni. Akili inaanza kuzunguka: ada ya shule, kiwanja ambacho shemeji anasimamia ujenzi wake, mama alikohoa kwenye simu juzi. Niliyekuwa naye kibandani alikuwa na dawa yake. Alitaja kwa sauti ya chini kila anachokiona kutoka kushoto kwenda kulia: mwembe, tangi, uzio, lori bovu, mwembe. Akifika mwisho anaanza upya. Mwanzoni nilimcheka. Baadaye tukawa tunapokezana, na siku moja mimi ndiye nikagundua lile lori bovu lina mtu chini yake. Alikuwa fundi wetu wenyewe amejilaza akikwepa joto la hemani, lakini nusura tuamshe kambi nzima.

Sasa simu. Berberati iko nyuma ya Dar kwa saa mbili. Mtoto wangu analala saa mbili usiku ya Dar, ambayo kule ni saa kumi na mbili jioni, yaani muda uleule mko mahandakini na simu hairuhusiwi. Mnapoachiwa, mkala, ukapata mtandao, nyumbani ni saa tatu na nusu na mtoto ameshalala. Unabaki na mama yake ambaye naye amechoka, na jambo la kwanza analokuambia ni bomba limepasuka. Kuna wenzangu walikuwa wakimaliza simu hawasemi na mtu mpaka kesho yake.

Nilichofanya mimi ni kuondoa simu za kila siku. Tulikubaliana siku maalumu, na Jumapili mchana ni ya mtoto peke yake, hakuna habari za bomba. Mambo ya fedha na matatizo yanaandikwa kwenye meseji, nayasoma nikiwa nimekaa, nimeshashiba, sina lindo usiku huo. Mke wangu alinuna. Akadhani nina mtu huko. Ila tulipozoea, mazungumzo yakawa mazungumzo.

Waliopita Darfur, Lebanon, DRC na kwingine karibuni. Nataka mambo ya kazi ya kila siku, vita tuwaachie wanaopenda sinema.

#2 Mchungulia_Dirisha

Nimekaa paleee nasubiri wajeda wenyewe.

#3 Boda_wa_Tegeta

Mleta uzi usitake kutuliza. Mnalipwa kwa dola, mnakula bure, mnalala bure, mkirudi mnajenga ghorofa. Mimi naamka saa kumi na moja alfajiri, mvua yangu, trafiki wangu, na hesabu ya bosi jioni. Hakuna aliyewahi kunifungulia uzi. Presha gani hiyo?

#4 Lindo_la_Alfajiri

Boda, sikukatalii presha yako, barabara ya Bagamoyo naijua. Ila hili la dola ngoja niliweke sawa maana ndilo linalovunja familia nyingi.

Umoja wa Mataifa unazilipa serikali kwa kila askari wanayemtoa. Tangu Julai 2022 kiwango kilikuwa dola 1,448 kwa kichwa kwa mwezi, na kinaenda serikalini. Kila nchi inaamua yenyewe askari wake anapata nini, kwa taratibu zake. Kinachomfikia askari moja kwa moja kutoka UN ni posho ya kila siku ya dola 1.28. Ndiyo, moja nukta ishirini na nane. Soda na vocha. Kuna na posho ya siku za mapumziko, dola 10.50 kwa siku, na siku zenyewe hazizidi 15 kwa kila miezi sita.

Sasa mjomba amesikia redioni "dola elfu moja na mia nne", amezidisha kwa miezi kumi na miwili, akabadilisha kwa shilingi, na ameshakupangia. Harusi ya binamu wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ukiwa msituni. Ukisema huna, umebadilika, dola zimekupanda kichwani. Unaingia lindo na hilo kichwani. Ndiyo presha ninayoisema.

Ushauri kwa wanaoenda: kabla ya kuondoka, itisha kikao cha familia, sema kiasi utakachotuma kila mwezi na kwa nani. Mmoja tu. Wengine wote wapitie kwake.

#5 Mama_Wawili

Shemeji mleta uzi, shikamoo. Mimi ni mke wa mjeda, naomba na sisi tusikike maana hapo juu tumeonekana watu wa mabomba.

Mume wangu alikuwa DRC, Beni, mwaka 2017. Kambi ya Semuliki ilipovamiwa tarehe 7 Desemba na vijana wetu 14 wakafa, yeye hakuwa kambi ile. Mimi nitalijuaje hilo? Kesho yake Ijumaa magrupu ya WhatsApp yalichemka, huyu ana orodha, yule ana picha, mwingine sauti ya mtu analia. Napiga simu haipatikani. Watoto nimewaambia baba ana kazi nyingi. Kota nzima wanawake tumekaa nje, kila gari likipita tunaliangalia linasimama wapi.

Ujumbe wake ulikuja na neno moja: "Mzima." Sikulala, ila nilikaa chini.

Tangu pale tuna utaratibu. Likitokea jambo lolote, hata huku nyumbani, wa kwanza kupata mtandao anaandika neno hilo tu, mengine baadaye. Na mimi nilijitoa kwenye magrupu yote isipokuwa moja la wake wa kikosi, ambalo lina mama mmoja mtu mzima anayepiga simu kunakohusika kabla ya kuruhusu mtu aposti. Shemeji zangu mnaoenda, muacheni mwenzenu na namba ya mtu wa kikosini anayeweza kumpigia. Mtu mwenye cheo na subira. Siku ya siku, "usiwe na wasiwasi" hamtusaidii kitu.

Na bomba lilipasuka kweli, shemeji. Ulitaka tumwambie nani?

#6 Lindo_la_Alfajiri

Marahaba shemeji. La bomba nimelipokea 😂

#7 Dada_Kombati

Mimi ni askari, nilikuwa huko huko Beni, na nashukuru Mama Wawili ameanza.

Kuna jambo la DRC ambalo wa Afrika ya Kati hawakulipata. Kule Kivu ya Kaskazini watu wanazungumza Kiswahili. Mnapofika kijijini hakuna mkalimani. Kwenye doria zetu sisi wanawake ndio tulikuwa tunakaa na akina mama sokoni au kisimani, kwa sababu hawawezi kumweleza askari wa kiume mambo fulani. Basi mama anakaa chini, anakuita dada, na anakupa yote: nani alichinjwa, binti alichukuliwa usiku gani, shamba liko kule na hathubutu kwenda kuvuna. Unaelewa kila neno, mpaka pumzi. Nilizungumza na wenzetu wa mataifa mengine, wao wanayapata kupitia mtu wa katikati, yamepoa kidogo. Sisi tulikuwa tunayapokea ya moto, halafu unarudi kambini unaandika ripoti ya mistari sita, na saa kumi na mbili jioni uko handakini kama kawaida.

Nilichojifunza ni kutokwenda moja kwa moja kutoka kwenye ripoti kulala. Mwenzangu mmoja na mimi tulikuwa na bustani nyuma ya mahema, mchicha na matembele. Tukirudi tunamwagilia kwanza. Hatuzungumzi, au tunazungumza, vyovyote. Giza likikaribia tunaingia kwenye nafasi zetu. Afande mmoja akataka kuiondoa bustani eti haimo kwenye mpango wa kambi. Siku alipokula matembele yale yenye nazi ya pakiti akanyamaza.

Jingine kwa wadada: vyoo na maji ya kuoga yaulizieni siku ya kwanza, msione aibu. Ukianza kujizuia kunywa maji ili usiende chooni usiku, kwa lile joto na ile fulana, utaanguka kwenye doria na wataandika kwamba wanawake hawawezi.

#8 Jirani_wa_Namanga

Habari za jioni majirani. Mimi ni Mkenya, nilihudumu Somalia upande wa Jubba ya Chini, wakati misheni ya Umoja wa Afrika ilikuwa bado inaitwa AMISOM, kabla ya kugeuka ATMIS mwaka 2022.

Kwetu shida kubwa ilikuwa kukaa. Barabara zina mabomu ya kutegwa, kwa hivyo msafara unaenda mwendo wa kobe, watu mbele wanapima ardhi, na unaweza kushinda mchana kutwa juani na hamjafika popote. Siku ambazo hamtoki mko ndani ya kuta za mchanga, upepo unapuliza, vumbi kwenye ugali, vumbi kwenye meno. Baada ya kambi yetu ya El Adde kuvamiwa na al-Shabaab, Januari 2016, hakuna aliyelala usingizi mzito tena. Mlango wa gari ukibamizwa, hema zima limeamka.

Kilichosaidia: kila mtu kambini apate kazi ya pili. Koplo mmoja hakuwahi kushika mashine ya kunyoa maishani. Akaagiza moja kupitia ndege ya mizigo, akaanza na vichwa vya marafiki, na vichwa viwili vitatu vya kwanza viliharibika vibaya sana. Mwishowe mpaka wakubwa walikuwa wanakaa kwenye kiti chake, na kile kiti kikawa mahali pa kuzungumza. Mtu ambaye hawezi kwenda kumwambia daktari kwamba halali, anamwambia kinyozi. Na yule koplo alikuwa na akili, anajua yapi ya kunyamazia na yapi ya kumnong'oneza sajini. Leo ana kinyozi chake Gilgil. Mwingine alifundisha kwaya, mwingine alikuwa fundi wa simu.

Ambaye hana kazi ya pili ndiye wa kuchungwa. Huyo analala mchana, usiku macho, anakuwa mkali kwa vitu vidogo kama kijiko.

#9 Mzee_wa_Kagera

Vijana nawasoma. Sisi tulivuka mpaka wakati wa vita vya Kagera, tukaenda kwa miguu mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hakukuwa na simu, barua ilichukua miezi, na hakuna aliyelalamika msongo wa mawazo. Mnaiga Wazungu. Askari anayetaka kubembelezwa abaki kwao.

#10 Dada_Kombati

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, babu yangu alikuwa huko huko. Alirudi na medali, na mpaka anazikwa hakuna aliyeruhusiwa kumwamsha kwa kumgusa. Tulikuwa tunasimama mlangoni tunamwita kwa mbali. Bibi alikuwa anasema "babu yenu amechoka." Hakulalamika, ni kweli.

#11 Mzee_wa_Kagera

Marahaba mjukuu.

Hata mimi naitwa kwa mbali. Endeleeni.

#12 Stafu_Mtulivu

Naunga mkono hoja za wengi hapo juu. Nilikuwa kiongozi wa vijana Darfur, nitaongelea upande wa anayegawa kazi, maana presha nyingi za askari zinatengenezwa na sisi viongozi wa chini bila risasi hata moja.

Orodha ya zamu. Ibandikeni ukutani, wiki nzima mbele, kila mtu aione. Kiongozi anayegawa lindo kwa mdomo kila jioni anazalisha uadui, maana kila mtu anaamini yeye ndiye anayeonewa. Lindo la saa nane lizunguke, hata mwandishi wa ofisini aliguse. Mtu akitoka huko msimwekee kujaza mifuko ya mchanga saa mbili asubuhi kwa sababu tu "hajafanya kitu leo". Ameshafanya.

Pili, mtu akipata habari mbaya kutoka nyumbani. Hakuna ndege ya kumrudisha kesho. Kwetu kuna kijana alifiwa na baba, na kwa hali ya usalama hakuweza kwenda kuzika. Tulikaa matanga kambini. Wakristo kwa Waislamu, mkeka chini, kahawa chungu, shehe wa kikosi akasoma dua, tukachanga. Usiku huo na uliofuata hakupewa lindo, lakini pia hakuachwa hemani peke yake. Tulimweka jikoni na wapishi, mahali penye watu na kazi nyepesi ya mikono.

Kipindi kile cha Julai 2013, wenzetu saba walipouawa kwenye doria Darfur Kusini, niliona jambo ambalo sijalisahau. Kesho yake doria zilitoka. Watu wa nje wanaweza kuona ni ukatili. Wale vijana waliobaki kambini ndio waliosumbuka zaidi kuliko waliotoka.

Tatu, na hili watu hawapendi lisemwe. Mwaka 2023 UN ilitangaza kukirudisha nyumbani kikosi cha askari 60 wa kwetu kutoka Afrika ya Kati kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono. Wako wanaosema ni upweke na msongo. Upweke tunao wote. Mtu anayetumia msongo kama kisingizio cha kumgusa binti wa watu wenye njaa asiuguzwe kwenye uzi huu. Aliyechoka anaomba msaada, na waathirika wa mambo yale wana mzigo kuliko askari yeyote.

#13 Boda_wa_Tegeta

Stafu umenyoosha. Nimerudi kusoma tangu mwanzo, nafuta kauli yangu ya ghorofa. Dola 1.28 hata mimi sichukui abiria.

#14 Daktari_wa_Kijiweni

Nipo afya ya akili, uraiani. Nawapokea wenu wakisharudi, kwa kawaida wakiletwa na mke au dada, mara chache wanakuja wenyewe. Ukitaja daktari wa akili mtu anaiona Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na anatoka mlangoni.

Naomba niwape kipimo cha mtaani. Usingizi mbovu, hasira za karibu, kutotaka kukaa mgongo ukiangalia mlango: mwezi wa kwanza baada ya kurudi ni kawaida kwa watu wengi na hupungua wenyewe. Ukiona zinaongezeka badala ya kupungua, au mtu ameanza kunywa ili alale, au anazungumza kama vile kesho haimhusu, msisubiri. Hayo ya mwisho ni ya siku ileile. Hospitali za jeshi zina watu wa kazi hii, Muhimbili ipo, na hospitali ya mkoa ni pa kuanzia. Hata Baraza la Usalama lilipitisha azimio kuhusu afya ya akili ya walinda amani, namba 2668 la Desemba 2022, kwa hiyo ukisema huumwi peke yako unasema kitu kilichoandikwa.

Na kwa aliye kazini huko: pombe na vidonge vya usingizi vya kuazimana ni adui wa lindo. Hilo la kutaja vitu kwa sauti alilosema mleta uzi ni zuri, tunawafundisha watu kitu kinachofanana nalo.

#15 Kuruta_wa_Juzi

Asanteni wakubwa zangu. Mimi ndiye mmoja wa hao wanaoondoka, nimesoma uzi wote mara mbili. Maswali mawili. Nibebe nini? Na la pili, mke wangu anatarajia kujifungua nikiwa huko, mimba ya kwanza. Afande wangu ananiambia nisimweke mawazoni nitavurugikiwa kazi. Nafanyaje?

#16 Lindo_la_Alfajiri

Vya kubeba: dagaa wa Mwanza waliokaangwa wakakauka, pilipili ya kusaga, kandambili za maana, soksi nyingi kuliko unavyodhani, uzi na sindano, na drafti au kete za bao. Redio ndogo pia. Derby ya Kariakoo ikichezwa saa kumi na moja jioni, Berberati ni saa tisa mchana, kazini. Tafuta rafiki wa upande wa pili akusimulie, na mkubaliane asikuzomee mkiwa na silaha.

La mkeo namwachia shemeji Mama Wawili.

#17 Mama_Wawili

Mdogo wangu hongera. Huyo afande wako simjui lakini hajawahi kujifungua.

Mimi wa pili nilimzaa mume hayupo. Kabla hujaondoka kaa na mkeo muandike karatasi: nani anampeleka hospitali, huyo asipopatikana nani wa pili mwenye gari au namba ya bajaji inayotembea usiku, nani analala naye kuanzia mwezi wa nane wa mimba, na kadi ya bima iko droo gani. Fedha ya dharura iwe kwenye simu yake mwenyewe, usimwachie kaka yako. Kiongozi wako wa karibu mwambie tarehe ya makisio mapema ili kwenye orodha ya zamu wajue wiki hiyo kichwa chako kiko wapi. Akikataa kusikia, mwambie wa juu yake kwa adabu.

Jina la mtoto mlichague kabla, la kiume na la kike. Mimi nilikaa siku nne na mtoto asiye na jina kwa sababu baba yake alikuwa doria na mama mkwe ana majina yake mfukoni.